Mtandao Usiouza Machungu Yako: Majibu kwa Maswali ya Wasomaji

Katika toleo lililopita tuliandika kwa ufupi kwamba ipo mitandao ya kijamii inayoendeshwa bila matangazo ya biashara, na kwamba baadhi ya watu wanaosumbuliwa na sonona au wasiwasi uliopindukia wamepata humo nafuu ambayo hawakuipata kwingine. Barua zilizofuata zilikuwa nyingi, na baadhi zilitukosoa kwa haki. Tumechagua chache, tukazifupisha na kuondoa kila kinachoweza kumtambulisha aliyeandika.

Ndugu Mshauri, mliandika kuhusu mitandao “isiyo ya kibiashara” kana kwamba hii tunayoitumia sisi tunailipia. Mimi sijawahi kutozwa hata shilingi moja zaidi ya bando. Na hata kama mwenye mtandao anapata faida, hilo lina uhusiano gani na akili yangu? Mwenye duka naye anapata faida, wala sijaugua kwa kununua sukari kwake. — Msomaji, Morogoro

Mfano wako wa duka ni mzuri, ndugu yangu, ila katika mitandao hiyo mnunuzi si wewe. Mnunuzi ni mtangazaji, na anachonunua ni dakika zako mbele ya simu pamoja na taarifa zinazomwezesha kukulenga. Kampuni inayolipwa kwa dakika itaunda kila kitu kwa nia ya kuzirefusha: video inayofuata inaanza yenyewe kabla hujaamua, ukurasa hauna mwisho, arifa inaingia saa nne usiku kukwambia kwamba fulani ameposti baada ya kimya kirefu, na mpangilio wa unavyoviona unaamuliwa na algoriti, yaani kanuni za kompyuta zinazopima ni kipi kilikufanya utulie jana ili zikuongezee cha aina hiyo leo. Algoriti haikuchukii. Haiwezi tu kumtofautisha mtu anayetazama kwa furaha na mtu anayetazama kwa kushindwa kuacha, kwa kuwa wote wawili wanaingiza dakika zilezile. Mwenye nafsi tulivu huenda akapoteza usingizi kidogo na mambo yakaishia hapo, lakini mtu ambaye tayari ana huzuni nzito, ambaye ametulia mara mbili tatu kwenye maneno ya kukata tamaa, anaweza kuletewa mengine ya aina hiyo mfululizo mpaka akaamini kwamba dunia nzima inafikiri kama yeye.

Januari 2012 kampuni ya Facebook, pamoja na watafiti wa chuo kikuu nchini Marekani, ilibadilisha kwa wiki moja mambo waliyoyaona watumiaji 689,003, baadhi wakipunguziwa habari njema za marafiki zao na wengine wakipunguziwa habari mbaya, bila yeyote kuulizwa waziwazi kama anaridhia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Waliopunguziwa habari njema walianza wao wenyewe kuandika maneno machache zaidi ya furaha na mengi zaidi ya huzuni. Tofauti hiyo ilikuwa ndogo sana na sitaki kuikuza. Kinachonisumbua ni kujua kwamba swichi ya kufanya hivyo ipo, na mwenye kidole juu yake hakuwa amechaguliwa na yeyote kati ya watu hao. Mwaka 2021 aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni hiyohiyo, Frances Haugen, alitoa nyaraka za ndani, na mojawapo ilieleza kwamba Instagram, mtandao mwingine wa kampuni hiyo, ilizidisha hali ya kutoridhika na maumbile kwa msichana 1 kati ya kila 3 waliokuwa na tatizo hilo. Kampuni ilipinga jinsi nyaraka hizo zilivyotafsiriwa, lakini haikusema si zake.

Sasa chukua Mastodon, mtandao ulioanzishwa Ujerumani mwaka 2016 na kijana wa programu za kompyuta aitwaye Eugen Rochko. Mastodon haina makao makuu yanayowahifadhi watu wote. Ni programu huria ambayo mtu yeyote, chama chochote au chuo chochote kinaweza kuiweka kwenye seva yake, yaani kompyuta inayohifadhi akaunti na ujumbe wa watumiaji, kisha seva hizo zikawasiliana, hata aliye kwenye seva ya Nairobi akamfuata aliye kwenye seva ya Berlin bila kuhama. Hakuna matangazo. Ukurasa wako wa mwanzo unaonyesha waliyoandika watu uliowachagua, kwa mfuatano wa saa walizoandika, na ukishayasoma yameisha. Mtu akipenda ulichoandika, alama yake inakufikia wewe, haikisukumi kwenye kurasa za mwanzo za watu wengine. Kwa miaka mingi Rochko alikataa kwa makusudi kuweka uwezo wa kunukuu ujumbe wa mwenzako na kuuongezea maneno yako juu yake, kwa hoja kwamba watu huutumia kumwanika mtu mbele ya halaiki. Uwezo huo ulipokuja kuwekwa mwaka 2025, mwandishi alipewa mamlaka ya kuamua nani anaweza kumnukuu.

Kilichonivutia zaidi mimi ni kitu kidogo: onyo la maudhui. Mtu anayetaka kuandika kuhusu kujidhuru, njaa ya kujitakia au msiba anaweka mstari mmoja juu, kwa mfano “Kuharibika kwa mimba”, na maneno yenyewe yanabaki yamefunikwa mpaka msomaji ayaguse kwa hiari yake. Aliyepitia hayo wiki iliyopita anapita pembeni, na aliye tayari anafungua. Kampuni inayouza dakika haina sababu ya kukuwekea pazia la namna hiyo, kwa maana pazia linapunguza kutazamwa.

Je, hilo linatibu? Hapana, na tutalirudia hapa chini. Linachofanya ni kumwondoa mtu anayefaidika unapokosa usingizi.

Mimi niko Muscat na ningependa kuchangia fedha kwa mtandao wa aina hiyo unaosaidia watu wenye msongo wa mawazo. Lakini nitajuaje kwamba shirika linalojiita “lisilotengeneza faida” haliuzi taarifa kwa mlango wa nyuma? — Msomaji, Oman

Hutajua kwa kusoma jina la shirika, bibie, na shaka yako ina msingi. Crisis Text Line ni shirika la hisani la Marekani lililoanza mwaka 2013 kupokea ujumbe wa simu kutoka kwa watu walio katika hatari, wengi wao vijana, na hakuna anayebeza kazi lililoifanya. Hata hivyo Januari 2022 ilifahamika kwamba lilikuwa likiipa kampuni dada ya kibiashara, Loris, mazungumzo hayo yakiwa yameondolewa majina, ili kampuni hiyo itengeneze programu za huduma kwa wateja. Sheria haikuvunjwa kwa namna ya wazi, na masharti yalikuwa yameandikwa mahali fulani katika yale maelezo marefu ambayo mtu aliye kwenye dhiki hawezi kuyasoma. Kelele zilipopigwa, shirika lilisitisha mpango huo ndani ya siku chache. Upande wa kampuni za biashara hasa, mwaka 2023 mamlaka ya ushindani wa kibiashara ya Marekani iliitoza BetterHelp, inayouza ushauri nasaha kwa njia ya mtandao, dola milioni 7.8 kwa kuzipelekea Facebook, Snapchat na wengine taarifa za watu waliokuwa wametafuta msaada wa kisaikolojia.

Kwa hiyo uliza maswali ya kihasibu. Nani analipia seva, na je, hesabu zake zinachapishwa? Je, mtumiaji anaweza kuondoka na kuchukua wafuasi wake, kama Mastodon inavyoruhusu mtu kuhama seva, au amefungiwa ndani? Taarifa zipi zinakusanywa hasa? Signal, programu ya mawasiliano inayoendeshwa na taasisi isiyo ya faida iliyoundwa mwaka 2018 kwa dola milioni 50 za kuanzia kutoka kwa Brian Acton, mmoja wa waanzilishi wa WhatsApp, imepokea amri za mahakama nchini Marekani na ikaweza kukabidhi mambo mawili tu: tarehe akaunti ilipofunguliwa na siku ya mwisho ilipounganishwa. Haikuwa na cha zaidi cha kutoa. Asiyekusanya hahitaji kuapa kwamba hatauza.

Mchango mdogo wa kila mwezi, hata wa riali moja, huwasaidia waendesha seva kuliko mkupuo mmoja mkubwa, kwa kuwa bili za seva huja kila mwezi.

Shikamoo Mshauri. Ninasimamia kundi la WhatsApp la kina mama waliojifungua karibuni. Tulianza tukiwa wachache, sasa tumepita mia moja. Juzi mmoja aliandika saa saba usiku: “Mtoto amelala. Mimi siwezi. Nimechoka na kila kitu.” Asubuhi nilikuta chini yake stika za maua, “pole mpenzi” kadhaa, “muombe Mungu dada”, na tangazo la nepi za jumla. Siku ya pili mtu alipiga picha ya skrini na ujumbe ule ukamfikia mawifi zake. Ameondoka kundini na hapokei simu. Je, tuhamie kwenye mitandao mliyoisema, au tulifunge kundi? — Msimamizi, Tanga

Marahaba, mwanangu. Kabla ya mengine yote, usiishie kupiga simu isiyopokelewa. Mtafute mmoja anayeishi karibu naye na ambaye yeye mwenyewe anamwamini, amtembelee leo kwa kisingizio chochote cha kawaida kinachomfaa mama mwenye mtoto mchanga, na amsaidie kufika kituo cha afya anachohudhuria kliniki. Sonona baada ya kujifungua si udhaifu wa imani wala kudeka: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mama 1 kati ya 5 hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, hasa sonona, na inatibika.

Kuhusu kundi, msilifunge. Lakini halihitaji programu mpya kabla ya kuhitaji utaratibu, maana tangazo la nepi na ile picha ya skrini havikuletwa na kampuni yoyote ya Marekani. Vililetwa na wanakundi. Hapo ndipo nadhani makala yetu iliyopita ilipungukiwa. Mtandao unaweza kuwa hauna biashara juu na ukawa soko chini, na unaweza kuwa hauna algoriti na bado umbeya ukasambaa kasi kuliko algoriti yoyote.

Anzeni na idadi. Watu mia moja ni hadhara, na mtu hawezi kusema “nimechoka na kila kitu” mbele ya hadhara akabaki salama. Gawanyeni kundi katika vikundi vya watu ishirini hadi thelathini, kwa mtaa au kwa umri wa watoto, na kila kikundi kiwe na wasimamizi wawili. Kundi kubwa libaki kwa matangazo ya kliniki na maswali ya chanjo. Biashara iwe na kundi lake, na anayeileta kwingine aonywe mara moja kisha aondolewe bila mjadala.

Kisha angalieni majina. Katika WhatsApp maandishi yamesimbwa tangu mwaka 2016, yaani hufungwa kwa msimbo unaofunguka kwenye simu za wanaowasiliana tu, kwa hiyo kampuni yenyewe haiyasomi, lakini kila mwanakundi anaiona namba yako, na katika mji kama Tanga namba ya simu ni sawa na jina la baba yako. Signal inaruhusu tangu Februari 2024 kutumia jina la mtumiaji na kuficha namba, ingawa utaihitaji namba wakati wa kujiandikisha. Inaruhusu pia ujumbe ujifute baada ya muda mtakaokubaliana, kwa mfano wiki moja, na ina njia ya kufunika maneno mpaka msomaji ayaguse, kama lile onyo la maudhui nililolisifu hapo juu. Kwa vikundi vidogo vya mazungumzo mazito ningewashauri mhamie huko. Hakuna programu duniani inayoweza kumzuia mtu kuipiga picha simu yake kwa simu nyingine, kwa hiyo lazima iwepo kanuni inayosemwa kwa sauti siku mtu anapoingia: kinachosemwa humu hakitoki, na mtu akitoka nacho, naye anatoka. Jambo hili lina uzito wa kisheria pia. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, bado inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na mama anayeogopa mawifi pamoja na polisi ataona kunyamaza ndiko salama.

Lakini ile saa saba usiku ndiyo inayonishughulisha zaidi, kwa sababu kundi la msaada linapimwa hapo. Wekeni zamu. Kila usiku watu wawili wajulikane kwamba simu zao ziko wazi, na kila mwanakundi anayekubali awaachie wasimamizi jina la mtu mmoja wa kupigiwa na kituo cha afya kilicho karibu naye. Ukija ujumbe kama ule, mwenye zamu asianze na stika wala aya ya kitabu kitakatifu, hata kama anaamini aya hiyo kwa moyo wote. Aandike faraghani, haraka: “Nimekusoma, niko macho. Uchovu huu umefika mahali pa kufikiria kujiua au kumdhuru mtoto?” Wengi wanaogopa swali hilo wakidhani litamtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Shirika la Afya Duniani limekuwa likieleza kwamba si kweli. Kuuliza waziwazi kunapunguza wasiwasi na kumwonyesha mtu kwamba anasikika. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake: mwenye zamu aendelee kuzungumza naye huku mwenzake akimpigia yule mtu wa kupigiwa, na mama afikishwe hospitalini usiku huohuo. Akijibu hapana, bado apangiwe mazungumzo ya kesho yake. Asitokee mtu wa kumuuliza alipanga kufanya nini kwa undani mbele ya kundi, na asitokee wa kusimulia kisa cha fulani aliyefanya hivyo.

Utaratibu huu si mpya, wala haukuvumbuliwa na watu wa kompyuta. Chama cha walevi wanaoacha pombe, Alcoholics Anonymous, kilichoanza mjini Akron, Marekani, mwaka 1935, kilikubaliana ilipofika mwaka 1950 juu ya desturi 12, na tatu kati yake zingefaa kubandikwa mlangoni kwa kila kikundi chenu: kila kikundi kinajiongoza chenyewe, kila kikundi kinajitegemea kwa michango ya wanachama wake na hakipokei fedha za nje, na majina ya watu hayatajwi nje. Ukizitazama vizuri, huo ni mtandao wa kijamii usio wa kibiashara, uliogawanyika katika vituo vingi vinavyojitegemea, miongo kadhaa kabla ya seva ya kwanza ya Mastodon. Vikao vyake vimedumu kwa sababu hakuna anayelipwa kuvirefusha.

La mwisho kwako wewe mwenyewe: usikeshe kila siku. Rochko alipotangaza Novemba 2025 kwamba anaachia uongozi wa Mastodon, alikiri kwamba kuongoza mtandao wa kijamii kumemletea msongo mkubwa. Naye hakuwa akinyonyesha. Gawa zamu, na wiki usiyo na zamu zima arifa za kundi bila kuona haya.

Mwanangu ana miaka 15. Ameniambia ameacha kule kwenye video fupi na anataka kujiunga na Mastodon kwa sababu “haina algoriti”. Nifurahi au niogope? — Baba, Mombasa

Vyote viwili, mzee wangu. Kuondoka kwenye video zisizo na mwisho ni hatua njema, na kijana aliyeweza kukueleza sababu yake ameanza kufikiri. Lakini kutokuwa na kampuni maana yake pia ni kutokuwa na ofisi moja ya ulinzi. Julai 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipopitia seva 25 kubwa za mtandao huo kwa siku mbili, walikuta mara 112 picha za unyanyasaji wa watoto ambazo tayari zilikuwa zinajulikana na vyombo vya ulinzi. Seva hutofautiana kama mitaa inavyotofautiana. Kaeni pamoja msome kanuni za seva anayoitaka, mwone wasimamizi ni nani na wanakubali watu wa umri gani, na kama seva haisemi lolote kuhusu unyanyasaji na ubaguzi, tafuteni nyingine. Watumiaji weusi walioingia kwa wingi mwaka 2022, wakati Twitter ilipobadilisha mmiliki na Mastodon ikavuka watumiaji milioni 1 kwa mwezi, walilalamika kwamba walipoandika kuhusu ubaguzi waliambiwa waufunike kwa onyo la maudhui, kana kwamba maisha yao yenyewe ni uchafu. Pazia lilelile nililolisifu linaweza kutumiwa kumnyamazisha mtu.

Mwambie pia kwamba ujumbe wa faragha katika Mastodon haukusimbwa, na mwenye seva anaweza kuusoma akitaka. Mambo ya siri asiyaweke hapo. Namba 116 ya msaada kwa watoto hupatikana bila malipo Kenya na Tanzania, na ni vizuri aijue kabla hajaihitaji.

Habari Mshauri. Niligunduliwa na sonona mwaka jana na nikaandikiwa dawa. Tangu nipate marafiki kwenye seva moja ya watu wenye hali kama yangu, najisikia vizuri kuliko wakati wowote, na nimeanza kuruka dawa. Hawa watu wananielewa kuliko daktari anayenipa dakika tano. Je, si wamenitosha? — Kijana, Nairobi

Sipuuzi unachokisema kuhusu zile dakika tano. Madaktari wa akili ni wachache, foleni ni ndefu, na mtu anayekusikiliza kwa muda wa saa mbili usiku bila kutazama saa anakupa kitu ambacho hospitali haikupi. Nakuomba tu usimfanye rafiki kuwa dozi. Dawa za sonona zikikatizwa ghafla zinaweza kuleta kizunguzungu, kukosa usingizi na kurudi kwa ugonjwa wiki kadhaa baadaye, wakati ambapo wewe utakuwa umekwisha kuamini kwamba ulipona. Inawezekana kabisa kwamba unajisikia vizuri kwa sababu dawa ndiyo kwanza imeanza kufanya kazi yake, na marafiki wamekuja wakati huohuo. Rudi kwa aliyekuandikia, mweleze ukweli wote, na kama unataka kuacha dawa, panga naye namna ya kuipunguza hatua kwa hatua.

Tazama pia ushahidi unasema nini. Kabla ya uchaguzi wa Marekani wa mwaka 2018, watafiti waliwalipa watu wafunge akaunti zao za Facebook kwa wiki 4. Walipata kama saa moja zaidi kwa siku, wakaitumia kwa sehemu pamoja na ndugu na marafiki, na furaha yao ikapanda, ila kidogo. Huo ndio ukubwa wa manufaa ya kuondoa kinachoumiza. Kwa upande wa kuongeza kinachoponya, mfano ulio karibu nasi ni Zimbabwe, ambako daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na kina bibi 14 wa Mbare, Harare, wanaokaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliozungumza na kina bibi hao na kubaki na dalili za sonona walikuwa asilimia 14 hivi, dhidi ya asilimia 50 ya waliopata huduma ya kawaida. Ukisoma haraka utasema: unaona, mazungumzo yanatosha. Lakini kina bibi wale walifunzwa, walifuata hatua maalumu za kutatua tatizo moja baada ya jingine, walikuwa na wasimamizi, na walijua ni mgonjwa yupi wa kumpeleka kwa daktari. Baada ya benchi mgonjwa aliunganishwa na kikundi cha wenzake, na hapo ndipo naona mahali pa seva yako: pembeni ya tiba, kama kikundi kile, panapomsaidia mtu kuendelea.

Kama mawazo ya kujiua yatarudi, Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupokea simu bila malipo kwa namba 1199. Usizuiwe na hofu ya kushtakiwa. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilicholifanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakwenda kinyume cha Katiba. Waambie na marafiki zako wa mtandaoni unaishi mji gani na nani wampigie. Mtu aliyeko Toronto anayekupenda kwa dhati hawezi kukubishia mlango.

Nimejaribu kufungua Mastodon kwa kifurushi cha mitandao ya kijamii na imekataa, ilhali Facebook inafunguka. Tatizo ni simu yangu? — Msomaji, Dodoma

Simu yako ni nzima. Vifurushi vya mitandao ya kijamii hufungua ile tu iliyotajwa kwenye masharti ya kifurushi, ambayo kwa kawaida ni mitandao ya kampuni kubwa, na mingine yote huhesabiwa kuwa intaneti ya kawaida. Nunua kifurushi cha intaneti cha kawaida, kisha ingia kwenye mipangilio ya programu uzime video na picha zenye mwendo zisijicheze zenyewe. Ujumbe wa Mastodon kwa kawaida hauzidi herufi 500, na maandishi matupu hula bando kidogo sana. Kama hata hicho kinakulemea, kutumia tovuti ya seva kupitia kivinjari cha simu bila kupakua programu kutakuokolea nafasi ya simu pia.